Ubao wa mvua

Ukiingia kibanda cha kazi cha Baba pale Isevya, mkono wa kushoto juu ya meza ya randa, utauona ubao wa mninga wa futi sita uliopigiliwa ukutani. Wateja wengi waliutaka. Mmoja alifika bei ya kitanda kizima, Baba akatikisa kichwa tu. Ubao ule ulikuwa daftari lake. Nusu ya juu aliandika madeni kwa penseli: jina la mteja, alichochukua, kilichobaki. Nusu ya chini aliandika mvua. Si kila mvua, ila ile ya kwanza ya mwaka, inayolaza vumbi la Tabora na kutoa harufu inayomsimamisha mtu mlangoni na kazi yake mkononi. Aliandika tarehe, na neno moja au mawili pembeni. "Ndogo." "Ya upepo." "Usiku, nzuri." Mwaka 1997, mwaka wa El Nino, alipiga mistari miwili chini ya tarehe.

Mteja mwenye deni akifariki, Baba alichukua randa ndogo akalipitia jina lake taratibu mpaka likaisha. Hakusema kitu, wala hakwenda kwa wafiwa kueleza. Leo ukipitisha kidole nusu ya juu ya ubao utakuta mabonde madogo madogo, na kila bonde ni mtu. Nusu ya chini imenyooka kama siku alipoipiga msasa.

Alitutoka mwezi wa nane, mwaka juzi, kiangazi kikiwa kimekaza. Siku ya hitma wazee walimsema vizuri sana. Walitaja milango, makabati, vitanda vya harusi, madawati. Kila aliyesimama alimwita Fundi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka upande wa akina mama, nasikiliza, nikawa nasema moyoni, jamani, na bustani je? Hakuna aliyeitaja. Neno hilo limenikaa kifuani tangu siku ile. Sisi watoto wake sita, fundi tulimwona mchana kutwa, penseli sikioni, hataki kuongeleshwa. Baba tulimpata saa kumi na moja jioni, kwenye matuta.

Alizaliwa Urambo mwaka 1950, wakati Waingereza wana mradi wao wa karanga. Walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta matrekta, wakaanza kung'oa pori ili walime karanga za mafuta. Babu alikuwa kibarua wa kusafisha visiki. Alitusimulia jinsi miti ilivyoangushwa, myombo na mninga pamoja, bila kuchagua, ikasukumwa kwenye mafungu na kuchomwa moto. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikauacha mradi. Baba alikuwa hajaacha hata kunyonya. Karanga hazikupatikana na miti ilikuwa imekwisha kwenda. Baadaye ikashika tumbaku, nayo inataka kuni za kukaushia, pori likazidi kurudi nyuma. Sidhani kama Baba alipokuwa kijana aliwaza sana juu ya hayo. Alikuwa anatafuta maisha. Lakini uzeeni, kila akimtaja Babu, alirudia jambo moja: kwamba Babu alisema mninga ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu, na kwamba siku za mwanzo vibarua wenzake walikuwa wanaacha kazi wakiuona.

Alikuja Tabora mjini akiwa kijana wa miaka kumi na saba, akajifunza useremala kwa fundi mmoja wa Kihindi si mbali na stesheni. Miaka miwili ya kwanza kazi yake ilikuwa kunoa patasi na kufagia maranda. Mwaka 1983 akahamia kwenye kiwanja chetu na kuanza kazi yake mwenyewe.

Nieleze kidogo vitanda vyake, maana ndivyo vilivyotusomesha. Tabora ni njia panda ya reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa hiyo mji wetu siku zote una watu wa kuja na kuondoka: walimu, manesi, askari, wafanyakazi wa reli wenyewe. Mtu akipata uhamisho anataka kitanda chake kiingie behewani. Baba alitengeneza vitanda vinavyofunguka. Mbavu za kitanda zilikuwa na ulimi unaopenya kwenye tundu la mguu na kutokeza upande wa pili, kisha kabari ya mninga inagongwa kwa kiganja. Hakuna msumari. Unakifungua, unakifunga kwa kamba ya katani, unapanda nacho treni. Nimewahi kulala kwenye nyumba ya wageni mji wa mbali, nikainua godoro asubuhi nikaiona kabari ile, kingo zake zimeondolewa ukali namna yake. Nilikaa chini sakafuni nikaishika muda mrefu.

Sasa bustani.

Kiwanja chetu kilikuwa kikubwa kwa kipindi kile, na nusu yake nzima Baba aliikatalia kujengwa. Ndugu walimshauri aweke vyumba vya kupangisha. Aliwasikiliza, akawakaribisha chai, na jioni akaenda kumwagilia. Udongo wa pale ni kichanga kitupu, maji ukiyamwaga yanapotea kama umeyamwaga kwenye chekeche. Kila Ijumaa baada ya sala alipanda baiskeli kwenda mbugani kuchota udongo mweusi, viroba viwili nyuma ya kiti, akaja kuuchanganya. Alifanya hivyo miaka na miaka. Ukichimba leo kwenye tuta la mchicha utakwenda urefu wa mkono mzima kabla ya kuukuta mchanga.

Mwanzoni alikosea, na Mama alipenda kutusimulia. Fundi ana vumbi la mbao tele, akaona mbolea ya bure hiyo, akalimwaga lote kwenye matuta. Mchicha ukatoka njano, mwembamba, ukadumaa. Akaongeza vumbi. Ukazidi. Bwana shamba aliyekuja kuagiza kabati ndiye aliyemfungua macho: vidudu vinavyoozesha vumbi la mbao vinahitaji naitrojeni, na vinaichukua kwenye udongo kabla mchicha haujaipata. Tangu hapo vumbi likawa linapita kwanza kwenye banda la kuku. Kuku wanalikanyaga na kulinyea, linatolewa, linarundikwa nyuma ya choo, linakaa mwaka mzima chini ya majani ya mgomba. Likitoka hapo ni jeusi, laini, halinuki. Baba alikuwa analichota kwa viganja na kutunusisha, kama mtu anayekuonjesha asali.

Mvua za Tabora ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Miezi mingine yote ni ndoo. Kisima chetu ifikapo Septemba maji yalikuwa yameshuka mpaka kamba inaungwa. Kila mtoto alikuwa na zamu, lakini Baba hakukosa hata jioni moja, hata siku ambayo ana kazi ya watu ya haraka. Saa kumi na moja aliweka randa chini, akajikung'uta maranda kwenye suruali, akaingia bustanini.

Hapo ndipo alipozungumza. Kibandani ukimuuliza jambo anakujibu "subiri". Bustanini alikuwa mtu mwingine. Na kulikuwa na namna yake. Akikwambia, "Mama, njoo unishikie ndoo," ujue kuna jambo amelisikia juu yako na anataka alisikie kutoka kwako. (Mabinti wake wote alituita Mama, na watoto wa kiume Mzee.)

Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka yalikuwa mabaya. Nilikaa ndani siku mbili, sili. Siku ya tatu nikaitwa kushika ndoo. Nikamwamkia, "Shikamoo Baba." "Marahaba Mama. Haya, sema." Nikasema. Nililia, nikataja mwalimu, nikataja malaria, nikataja kila kitu. Yeye anamwagilia tu, tuta moja hadi jingine, maji anayapitisha katikati ya vidole ili yasichimbe shina. Nilipomaliza akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. "Haya, nenda kisimani ulete ndoo mbili." Nikaenda, nikazileta, mabega yananiuma. Akasema, "Sasa sema tena."

Mara ya pili sikulia. Nilisema kwa kifupi, na nikajisikia mwenyewe nikisema kwamba hesabu sikuwa nimezisoma. Baba akasema, "Hesabu zina mtu wa kuzifundisha?" Nikamtaja. Wiki iliyofuata yule mwalimu alipata meza ya kulia chakula na viti vinne, nami nikapata masomo ya jioni mwaka mzima. Leo mimi ni muuguzi. Kaka zangu wote wana kisa chao cha ndoo mbili, na kila mmoja kwa muda mrefu alidhani ni chake peke yake.

Alikuwa na mkono wa embe pia. Miembe mikubwa ya Tabora inatoka enzi za misafara iliyokuja na mbegu kutoka pwani, na ukienda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, utaikuta bado inatoa kivuli. Baba alinipeleka huko mara moja kwa baiskeli nikiwa na miaka tisa. Wageni wengine walikuwa wanasikiliza habari za Mzungu. Yeye alitoka nje kuangalia miembe, akarudi nyumbani anasema embe kongwe za kienyeji zina mizizi ya kuaminika lakini nyuzi zinajaa menoni, na kwamba kuna dawa.

Dawa ilikuwa kubebesha. Nilimshikia siku ya kwanza na naiona mpaka sasa. Mche wa embe ya kienyeji, unene wa penseli yake. Akaukata juu kwa patasi ndogo aliyoinoa asubuhi nzima, akaupasua katikati kina cha kucha mbili. Kikonyo cha dodo alikichonga pande mbili, kikawa kabari, kwa mikato miwili tu, hakurudia. Akakiingiza kwenye mpasuko, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Alikuwa anatafuta ule utando wa kijani chini ya ganda, wa huku ukutane na wa kule, walau upande mmoja. Akaufunga kwa utepe wa nailoni, kwa nguvu, akavalisha juu kifuko cha barafu. Kisha akanitazama, uso umefunguka, akasema, "Ni kiungo tu, Mama. Ila hiki kinajibu."

Baada ya wiki tatu hivi vijicho vikavimba ndani ya kifuko. Aliita mtaa mzima kuja kuona. Alibebesha miche ya majirani, ya misikiti miwili, ya kanisa, na hakutoza senti. Useremala aliutoza, tena hakupenda kupunguza bei. Mche alikupa, na baada ya mwezi akapita kwako kuukagua, na ukiwa umeuacha ukakauka alikuonyesha waziwazi kwamba amechukizwa.

Kitu kingine ambacho hakukitoza ni mbao za mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi anamolazwa maiti. Kwetu maiti halazwi kaburini na jeneza. Jeneza ni la msikiti, linabeba na kurudi. Ila mwanandani anafunikwa kwa mbao kabla udongo haujarudishwa. Nyuma ya kibanda Baba aliweka rundo la mbao zilizokwisha kukatwa kipimo, zimefunikwa kwa gunia. Mtu akigonga usiku wa manane tulijua. Baba aliamka, akavaa msuli, akauliza jambo moja tu, "Mkubwa au mtoto?" Akatoa zinazotosha. Kesho yake, kabla ya kazi ya mteja yeyote, alikata nyingine akajaza rundo. Usiku ule alipotutoka yeye, kaka yangu mkubwa alikwenda kulifunua lile gunia. Zilikuwepo. Zimekatwa, zimepigwa randa, zimehesabika. Wiki zake za mwisho mikono haikuwa na nguvu ya kushika msumeno, kwa hiyo alikuwa amezikata mapema kabla ya hapo. Jeneza lililombeba ni lile lile aliloliunga mguu miaka mingi nyuma.

Kilichomuua ni kifua. Vumbi la mninga lina ukali wake, linawasha pua na kubana kifua, na Baba alilivuta zaidi ya miaka hamsini. Tulimwambia ajifunge kitambaa. Alianza kujifunga kipande cha kanga ya Mama akiwa amekwisha chelewa. Mimi ni muuguzi, na nilichelewa kama wengine wote, na hilo nalibeba. Hospitali ya kwanza tulirudishwa na dawa za kikohozi mara nne. Siandiki haya kumlaumu mtu. Naandika kwa ajili ya kijana mwenye randa atakayesoma: funga pua yako leo.

Nimeuacha mninga mpaka mwisho kwa sababu bado ninajifunza namna ya kuueleza.

Mwaka 2009, mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza, Baba alirudi kutoka Sikonge kununua mbao akiwa na matunda ya mninga mfukoni. Tunda la mninga ni kama kisahani, ukingo mwembamba kama karatasi na katikati donge lenye miiba. Alikaa kwenye kigoda akayafungua kwa patasi, polepole, mbegu zisiumie. Wakati huo mninga ulikuwa umekwisha kuwa mbali na ghali. Zamani ulipatikana jirani. Sasa unatafutwa safari ya siku nzima, na vibali juu. Akapanda mbegu tano kona ya uzio. Ikaota moja.

Ilitoka na majani manane, ikafika kimo cha goti la mtoto. Kiangazi kilipoingia ikakauka mpaka chini. Baba hakung'oa. Akazungushia mawe. Mvua zikaja, ikachipua. Kiangazi, ikakauka. Mwaka wa tatu Mama akataka kupanda mchaichai pale, wakabishana, jambo ambalo si la kawaida yao. Bwana miti mmoja ndiye aliyewasuluhisha. Akasema mninga ndivyo ulivyo. Miaka yake ya mwanzo unajenga mzizi. Shina linakufa kila kiangazi na kurudi kila mvua, na mzizi ukishafika chini vya kutosha, ndipo shina linapobaki. Inaweza kuchukua miaka mingi, kabla ya hapo hakuna unachokiona.

Baba alifurahi mno kulijua hilo. Akaanza kutembeza kila mgeni mpaka kwenye duara la mawe, kumwonyesha kijiti kikavu. Watoto wangu walipokuja likizo alikaa nao pale, anawaambia, "Yuko chini, anafanya kazi." Mwaka 2017 kiangazi kilipita na kijiti hakikukauka. Alinipigia simu kuniambia hilo tu, kisha akakata.

Nilimuuliza siku moja nani atakuja kuupasua, maana mninga kufikia kupasuliwa mbao unachukua karibu maisha mazima ya mtu. Alinitazama kama nimesema neno baya. "Huu si wa kupasua," akasema. Maisha yake yote sikuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya mti wa mninga.

Miezi yake ya mwisho hakuweza tena kubeba ndoo. Kaka alitoboa matundu kwenye kifuniko cha dumu la lita tano, akawa anakaa kwenye kigoda, anamwagilia kinachofikika, kisha anasogea na kigoda chake. Tuta moja lilimchukua saa nzima. Nilipokuja likizo nilikaa naye, nikashika dumu akichoka. Jioni moja akaniambia, "Mama, sema." Nikasema mambo yangu, ya kazini, ya nyumbani. Nilipomaliza nikasubiri aniambie nilete ndoo mbili. Alikuwa amesinzia, mkono uko juu ya tuta.

Kibanda sasa anakifanyia kazi mdogo wetu wa mwisho. Madeni tumeyaacha kama yalivyo, isipokuwa mwaka jana mzee mmoja wa Ng'ambo alifariki, na mdogo wangu, bila kutuuliza, akachukua randa ndogo. Mninga umepita mabati ya kibanda.

Mama alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, enzi za kisomo cha watu wazima, na herufi zake ni kubwa, zimesimama mbalimbali. Novemba iliyopita alinipigia kabla ya alfajiri. Nilishtuka, simu ya saa ile si ya heri. Nikamwamkia, naye hakungoja hata kuitikia.

"Imenyesha," akasema. "Nimeandika."

Nikamuuliza ameandika nini pembeni.

"Nimeandika 'usiku, nzuri', kama yeye. Ila penseli imebaki kipande. Ukija uniletee nyingine, ile bapa ya seremala. Hizi za shule zinavunjika kwenye mninga."

Nimeinunua. Iko kwenye mkoba, na treni ni Jumatano.